Wati Nne za Kugawana: Namna Chipu ya Simu Ilivyopangwa

Karatasi inayobandikwa kando ya simu dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, hutaja RAM, nafasi ya kuhifadhia, megapikseli na ukubwa wa betri. Chipu, kama ikitajwa, hupewa maneno mawili tu: octa core, yaani viini vinane, sehemu nane za chipu zinazotekeleza amri za programu. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayakusaidii kuchagua. Chipu ya Helio G85 ya MediaTek, iliyomo kwenye simu nyingi za bei ya chini ina viini vinane. Helio G99, ile ya Samsung Galaxy A15 ya 4G na Infinix Note 30, ina viini vinane. Snapdragon 8 Gen 3, inayokaa kwenye simu ambazo bei yake inakaribia ya pikipiki, nayo ina vinane. A17 Pro ya iPhone 15 Pro ina sita tu, na inaziacha mbali sana hizo mbili za kwanza. Basi idadi ya viini si kipimo, na ili tuone kipimo ni kipi inabidi tuanzie pale wahandisi wanapoanzia, yaani kwenye joto.

Simu haina feni. Joto lote linalozaliwa ndani yake lazima litokee kwenye kioo na kwenye mgongo, na mgongo huo umeushika mkononi. Simu ikitumia zaidi ya wati tatu hadi tano kwa muda mrefu, inapata moto kiasi cha kumkera mwenyewe. Kompyuta ya mezani inaweza kuipa prosesa yake peke yake wati mia moja na ushei, kwa sababu ina feni, ina mabomba ya shaba ya kubebea joto, na imechomekwa ukutani. Betri ya simu ya 5000 mAh ina nishati ya kama wati-saa 19. Fanya hesabu mwenyewe: simu ikila wati nne mfululizo, chaji inaisha kabla ya saa tano, ikila wati kumi, hufikishi saa mbili. Na hizo wati nne si za chipu peke yake. Skrini inadai fungu lake, na redio ya mtandao inadai lake.

Karibu kila kitu kilichomo kwenye chipu ya simu ni jibu la ufinyu huo. Anayeibuni hajiulizi kwanza itakimbia kasi gani. Anajiuliza kipi kitakuwa macho na kipi kitakuwa kimelala katika kila sehemu ya sekunde, na kazi gani ipewe nani ili iishe kwa nishati ndogo kabisa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Umeme unaotumiwa na saketi iliyo kazini hutegemea mambo matatu: kiasi cha chaji kinachojazwa na kumwagwa kwenye transista zake, yaani swichi zake ndogo za umeme, mara ngapi kwa sekunde jambo hilo linafanyika, na volteji ikizidishwa kwa yenyewe. Hiyo volteji ndiyo yenye makali. Shusha kasi ya kiini kwa asilimia 20, na kwa kuwa kasi ndogo inatosheka na volteji ndogo, shusha volteji nayo kwa asilimia 20. Zidisha 0.8 mara tatu, unapata 0.51. Umepoteza moja ya tano ya kasi, umeokoa karibu nusu ya umeme. Ukiigeuza hesabu hiyo, utaona kwamba ile moja ya tano ya mwisho, inayotangazwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, ndiyo inayokula karibu nusu ya umeme wote. Ndiyo maana prosesa ya simu haiko kwenye kasi yake ya juu isipokuwa kwa vipande vya sekunde, na kwa nini gigahezi za kwenye karatasi ni ahadi ya muda mfupi.

Zamani tatizo hili lilijitatua. Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM na wenzake walionyesha kwamba ukipunguza ukubwa wa transista na volteji yake kwa pamoja, joto la kila milimita ya mraba linabaki lilelile. Kwa miaka kama thelathini viwanda vilikula matunda ya kanuni hiyo: transista nyingi zaidi, kasi kubwa zaidi, joto palepale. Katikati ya miaka ya 2000 ikafika mwisho, kwa sababu transista zilikuwa ndogo kiasi kwamba zilivujisha umeme hata zikiwa zimezimwa, na volteji haikuweza tena kushushwa kama mwanzo. Idadi ya transista iliendelea kupanda. Kilichokoma ni uwezo wa kuziwasha zote kwa wakati mmoja. A17 Pro ina transista bilioni 19 kwenye kipande cha silikoni chenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba, na zikiwaka zote kwa nguvu zote, simu haitashikika. Wahandisi huiita sehemu inayolazimika kubaki imezimwa silikoni ya giza. Swali la ubunifu likageuka: kama nina nafasi tele lakini sina umeme, niijaze nini nafasi hiyo?

Jibu likawa ni wataalamu wengi wa kazi mojamoja. Kiini cha kawaida kinaweza kufanya kazi yoyote, lakini gharama ya uwezo huo ni kubwa. Kila amri lazima ichukuliwe kutoka kwenye memori, itafsiriwe, ipangiwe zamu, itafutiwe namba zake, ndipo namba mbili zijumlishwe. Kile kitendo cha kujumlisha chenyewe hula sehemu ndogo sana ya nishati iliyotumika. Nyingine yote imeishia kwenye maandalizi. Saketi iliyojengwa kwa kazi moja tu, tuseme kufungua video, haina maandalizi hayo, kwa sababu njia ya data imechongwa humo tangu kiwandani. Kwa hiyo kile tunachokiita prosesa ya simu ni mkusanyiko wa mashine nyingi kwenye kipande kimoja: viini vikuu, kitengo cha michoro, kitengo cha kamera, cha akili mnemba, cha video, cha sauti, cha kulinda siri, na mara nyingi modemu ya mtandao. Viini vinane vinavyotajwa dukani huchukua sehemu tu ya eneo lote.

Fundi akifungua simu ya bei ya juu na kubandua kifuniko cha bati kwenye bodi, mara nyingi haioni prosesa yenyewe. Anachokiona kimeandikwa jina la Samsung, Micron au SK hynix ni RAM, iliyobandikwa juu ya prosesa kama ghorofa ya pili. Inapangwa hivyo ili njia kati ya viwili hivyo iwe fupi, maana kusafirisha data kunakula umeme kuliko kuikokotoa. Kwenye simu nyingi za bei nafuu mpangilio ni mwingine: RAM na nafasi ya kuhifadhia zimefungwa pamoja kwenye kifurushi kimoja kilichokaa kando ya prosesa. Ndiyo maana kwenye simu hizo memori ikifa, vinakwenda vyote viwili, picha zako zikiwemo.

Sasa twende kwenye viini, kwa sababu hapo ndipo tofauti kati ya G85 na G99 ilipofichwa.

Takriban viini vyote vya simu vinafuata lugha ya amri ya Arm, iliyozaliwa katika kampuni ya Acorn, Cambridge, Uingereza. Sophie Wilson na Steve Furber ndio walioibuni, na chipu ya kwanza iliwashwa mwaka 1985. Ilikuwa ndogo na ilikula umeme kidogo mno, ingawa walichokuwa wakikitafuta hasa kilikuwa kifurushi cha plastiki cha bei rahisi kisichoyeyuka kwa joto. Sifa hiyo ya kula umeme kidogo ndiyo iliyoipa Arm soko la simu miaka mingi baadaye. Leo Arm haitengenezi chipu za simu, inauza ramani. MediaTek wakitaka kiini wananunua ramani ya Cortex-A55 au Cortex-A76, wanaipanga pamoja na vitengo vingine, kisha wanapeleka mchoro mzima kwenye kiwanda cha chipu cha TSMC, Taiwan, ukachapwe.

Majina hayo ya Cortex ndiyo ya kutazama. Cortex-A55 ni kiini kidogo. Hupokea amri mbili kwa mpigo mmoja wa saa ya ndani ya chipu (gigahezi moja ni mipigo bilioni moja kwa sekunde) na huzitekeleza kwa mpangilio ulioandikwa: amri ya tatu ikisubiri data, ya nne nayo inasubiri, hata kama yenyewe haihitaji chochote. Kusubiri huko si kwa kitambo kidogo. Data iliyoko kwenye kashe, memori ndogo iliyo karibu na kiini, hufika baada ya mipigo michache, lakini ikiwa iko kwenye RAM inaweza kuchukua nanosekunde mia moja, na kwa kiini cha gigahezi mbili hiyo ni mipigo kama mia mbili iliyopotea bure.

Cortex-A76 ni kiumbe tofauti. Hupokea amri nne kwa mpigo, na kikubwa zaidi, huzichukua nyingi kwa pamoja, kuzichunguza ipi inamtegemea nani, kisha kutekeleza zile zilizo tayari bila kujali zilikuja za ngapi. Mwishoni huyapanga majibu kana kwamba kila kitu kilifuata foleni. Pia hubashiri. Programu ikifika njia panda, kiini hakingojei jibu; kinaangalia programu ilielekea wapi mara zilizopita, kinachagua njia, kinaendelea na kazi. Kikikosea, kinatupa kazi ile na kurudi. Vibashiri vya leo hukosea mara chache sana. Cortex-X4 ya kwenye Snapdragon 8 Gen 3 imefika amri kumi kwa mpigo. Lakini mitambo hii yote ya kupanga na kubashiri inachukua eneo na inakula umeme, na hakuna njia ya kuipata bure.

Kwa sababu hiyo mwaka 2011 Arm walikuja na wazo la kuchanganya viini vikubwa na vidogo kwenye chipu moja. Hakuna anayekodi lori la tani kumi kwenda kununua kiberiti. Simu ikiwa mfukoni inapokea ujumbe na kucheza muziki, viini vidogo vinatosha na vikubwa vinazimwa kabisa. Ukigusa skrini, kikubwa kinaamshwa. Mfumo wa Android ndani yake una mpangaji anayejua kila kiini kinakula kiasi gani kwa kila kasi, na mara nyingi sana kila sekunde anaamua kazi ihamie wapi.

Tazama kinachotokea ukigusa jina la mtu kwenye WhatsApp. Skrini ya hertzi 120 inataka picha mpya kila milisekunde 8.3. Ndani ya muda huo programu lazima isome mguso, ipange mazungumzo yakae vipi kwenye skrini, itafute herufi, ikabidhi amri za kuchora kwa kitengo cha michoro. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni mnyororo: hatua ya pili haianzi kabla ya kwanza kuisha, kwa hiyo inapita kwenye kiini kimoja. Vile vingine saba haviwezi kusaidia hata vikiwa havina kazi. Kiini kimoja kikichelewa, picha inakosa zamu yake, na wewe unasema simu inaganda. Wepesi wa simu unaouhisi kidoleni unatokana na ubora wa kiini kimoja au viwili vikubwa kabisa, basi. Ndiyo maana iPhone yenye viini sita, viwili vikubwa na vinne vidogo, haina sababu ya kuona wivu kwa simu ya viini vinane.

Rudi sasa kwa zile Helio mbili. Zote zina viini viwili vikubwa na sita vidogo vya Cortex-A55. G85 ina Cortex-A75 za gigahezi 2.0, G99 ina Cortex-A76 za gigahezi 2.2. Kwa anayesoma karatasi ni tofauti ya moja ya kumi. Lakini A75 hupokea amri tatu kwa mpigo na A76 nne, na ramani yake ilichorwa upya. Juu ya hapo, G85 imechapwa kwa teknolojia ya nanomita 12 na G99 kwa nanomita 6, kizazi kipya zaidi cha kiwanda, kwa hiyo kazi ileile inatoa joto dogo zaidi. G85 imefungiwa kwenye hifadhi ya aina ya eMMC, G99 inakubali UFS 2.2, ambayo husoma data kwa kasi ya mara mbili au zaidi. Mtu akiniuliza atumie wapi shilingi elfu hamsini za Tanzania za ziada, nitamwambia azitumie hapo, kabla ya kufikiria kamera ya pili au ya tatu.

Kitengo cha michoro nacho kina hadithi yake ya kubana matumizi. Skrini ya pikseli 1080 kwa 2400 ina pikseli zaidi ya milioni mbili na nusu. Kila moja ikichukua baiti nne, picha moja ni megabaiti 10.4, mara 120 kwa sekunde, ni gigabaiti 1.2 kila sekunde, na hapo tumeandika kila pikseli mara moja tu. Kwenye mchezo, pikseli moja inaweza kupakwa rangi mara nne au tano, kwa sababu nyumba imejificha nyuma ya mti na mti nyuma ya gari, na kila mara chipu lazima ikumbuke nani yuko mbele ya nani. Njia yote ya RAM kwenye G99 inapitisha kama gigabaiti 17 kwa sekunde, na inagawanywa na kila mtu. Ukichora kwa kwenda na kurudi RAM kila mara, njia inajaa na betri inaisha.

Suluhisho lililokubalika kwenye simu ni kukata skrini vipande vidogo kama vigae. Kitengo cha michoro cha Arm kinachoitwa Mali, ambacho mizizi yake iko Trondheim, Norway, katika kampuni ndogo ya Falanx iliyonunuliwa na Arm mwaka 2006, kwa miaka mingi kilitumia vigae vya pikseli 16 kwa 16. Kigae kimoja kinatosha kukaa ndani ya chipu kwenyewe. Upakaji wote wa rangi, wa mti, nyumba na gari, unamalizikia humo, kisha jibu la mwisho linapelekwa RAM mara moja. Kazi ya kupanga inaongezeka, safari za kwenda RAM zinapungua sana. Kadi kubwa za michoro za kompyuta zilikua bila kujali hilo kwa muda mrefu, maana zina umeme wa kuchezea.

Kamera ndiyo sehemu inayonigusa zaidi, kwa sababu matokeo yake yanaonekana usoni mwetu. Kihisi cha kamera hakioni rangi zote. Tangu ubunifu wa Bryce Bayer wa Kodak, uliopata hataza mwaka 1976, kila pikseli imefunikwa kichujio cha rangi moja: nusu ya kijani, robo nyekundu, robo bluu. Picha ghafi ni mosaiki ya nukta zenye rangi mojamoja, na theluthi mbili ya taarifa za rangi hazipo. Kitengo cha kamera ndani ya chipu, kwa mfululizo wa saketi zilizopangwa kama mstari wa kiwanda, hukisia rangi zilizokosekana kwa kutazama majirani, huondoa chenga za giza, hurekebisha giza la pembezoni linaloletwa na lenzi, hutafuta nyuso, huamua mwanga. Simu za sasa hupiga picha kadhaa kwa mpigo, nyingine kabla hata hujabonyeza, na kuziunganisha kuwa moja. Kama kazi hiyo ingepewa viini vya kawaida, ungebonyeza na kusubiri.

Lakini saketi hizo zinafuata majedwali: mwanga uwe kiasi gani uso ukionekana, rangi ipi ihesabiwe ndiyo ya ngozi, kivuli kifutwe kwa nguvu gani. Majedwali hayajazwi na aliyebuni chipu peke yake. Kampuni ya simu huyapanga kwa kupiga picha za watu, na kwa miaka mingi wengi wa watu hao walikuwa weupe. Matokeo tunayajua: uso unageuka kijivu, unapauka, au unapotea kabisa kwenye mwanga hafifu wa ukumbini. Tecno walijijengea soko Afrika kwa sehemu kubwa kwa kulishughulikia hili, wakapanga kamera kwa nyuso nyeusi. Google walilitangaza rasmi kwa Pixel 6 mwaka 2021. Chipu mbili zinaweza kuwa ndugu wa tumbo moja na picha zikatofautiana kama usiku na mchana, kwa hiyo usihukumu kamera kwa jina la chipu wala kwa megapikseli. Piga picha ya mtu wako dukani, kivulini, uitazame.

Kitengo cha akili mnemba ni kipya zaidi. Mwaka 2017 Huawei walikuja na Kirin 970 na Apple na A11, zote zikiwa na saketi maalumu za kuzidisha majedwali makubwa ya namba, kazi ambayo ndiyo moyo wa utambuzi wa sura, sauti na maandishi. Ile ya A11 ilitangazwa kuwa na uwezo wa hesabu bilioni 600 kwa sekunde. Ya A17 Pro, miaka sita baadaye, trilioni 35. Namba hizi zisikupumbaze, maana kampuni moja huhesabu kwa namba za biti 8 na nyingine kwa biti 16, na ukifupisha namba hesabu huongezeka bila mashine kubadilika. Faida yake kwa mtumiaji ni kwamba baadhi ya kazi, kama kugeuza sauti kuwa maandishi, zinaweza kufanyika ndani ya simu bila kula bando na bila sauti yako kusafirishwa kwenda kwa seva ya mtu.

Video na modemu nitazipitia haraka. Video inayofunguliwa na saketi yake maalumu inaacha viini vikuu vimelala, ndiyo maana simu inaweza kuonyesha filamu mbili na kubakiwa na chaji. Ikiletewa video ya aina ambayo saketi hiyo haiijui, viini vinaamshwa kuifungua kwa nguvu zao, na simu inapata moto bila sababu inayoonekana. Modemu hufanya hesabu nzito kuliko wengi wanavyodhani, kuchuja ujumbe wako kutoka kwenye kelele za hewani, na mnara ukiwa mbali inalazimika kurudia na kipaza nguvu cha antena kinapandishwa. Ukiwa kijijini kwenye alama moja ya mtandao na betri inashuka ukiangalia, usilaumu betri. Redio inapiga kelele ili isikike.

Nanomita zinastahili neno la tahadhari. Chipu ya nanomita 3 haina sehemu yenye upana huo. Kutoka geti la transista moja hadi la jirani yake ni makumi ya nanomita. Jina ni la kizazi cha kiwanda, na linaendelea kupungua kwa desturi kila teknolojia ikiboreshwa. Hata hivyo maboresho ni ya kweli. Mashine za ASML za Uholanzi, zinazochapa tabaka nyembamba kabisa, hutumia mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5. Mwanga huo hunyonywa na hewa na hata na kioo, kwa hiyo kila kitu hufanyika kwenye ombwe na kwa vioo vya kuakisi badala ya lenzi. Kuupata, matone ya bati lililoyeyuka hurushwa elfu hamsini kwa sekunde, na kila moja hupigwa na leza mara mbili, kwanza kulitandaza, kisha kuligeuza kuwa gesi ya moto inayotoa mwanga. Nikiifikiria mashine hiyo kisha nikaona simu ya laki nne imetupwa jalalani kwa sababu kioo kimepasuka, naumia kweli.

Kuna ujanja mmoja wa madukani ambao chipu inaueleza vizuri. Simu inauzwa ina "RAM 8GB", na kwa maandishi madogo ni 4+4. Nne ni RAM. Nne nyingine ni sehemu ya hifadhi iliyokopwa. RAM ya G99 hupitisha gigabaiti 17 kwa sekunde, na ile eMMC ya simu za chini haivuki megabaiti 400. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara arobaini. Programu iliyohamishiwa huko inabaki hai, lakini kuirudisha ni kusubiri, na kiini chako kikubwa kinasubiri nacho. Nunua kwa kuhesabu ile nne ya kwanza tu.

Na ukitaka kupima chipu kabla ya kulipa, usipime dakika ya kwanza. Chipu yoyote inang'ara ikiwa baridi. Ndani yake kuna vipima joto vingi, na silikoni ikifika kiwango kilichowekwa, kasi inashushwa hatua kwa hatua. Simu mbili zenye chipu ileile zinaweza kuachana hapo, moja ikiwa na sahani pana ya kusambaza joto na nyingine ikiwa na kipande cha grafiti chembamba. Mchezo mzito wa dakika ishirini utakuonyesha zaidi ya namba yoyote.

Hivi karibuni wabunifu wameanza kuutilia shaka hata mgawanyo wa viini vikubwa na vidogo. Dimensity 9300 ya MediaTek, Novemba 2023, iliviacha vidogo kabisa: Cortex-X4 nne na Cortex-A720 nne. Qualcomm wakafuata mwaka 2024 na Snapdragon 8 Elite, yenye viini vinane vya Oryon walivyovibuni wenyewe, viwili hadi gigahezi 4.32 na sita hadi 3.53. Hoja yao inarudi kwenye ile hesabu ya volteji. Kiini kikubwa kikiendeshwa taratibu kwa volteji ya chini kinamaliza kazi mapema, kinazimwa, na nishati yote iliyotumika inaweza kuwa ndogo kuliko ya kiini kidogo kilichohangaika kwa muda mrefu. Inahitaji eneo kubwa la silikoni na kiwanda cha kizazi kipya, na vyote viwili ni ghali. Kwa hiyo wazo hilo limeanzia juu, na kwenye simu ambazo wengi wetu tunanunua, sita kati ya vile viini vinane vya kwenye karatasi bado ni Cortex-A55, ramani iliyotangazwa mwaka 2017.